Miguu Mia Tatu na Kumi na Mmoja Ndani ya Flashi

Mama Soli ana tabia moja inayowachosha watu wake wa karibu: husoma kila kitu. Akinunua gundi, kwanza atalisoma kopo lote, mbele na nyuma, mpaka pale palipoandikwa kiwanda kiko wapi na kopo likiisha litupwe wapi. Akipewa dawa, ile karatasi nyembamba iliyokunjwa mara nane ndani ya boksi, ambayo mimi na wewe huitupa bila hata kuikunjua, yeye huitandaza mezani akavaa miwani. Ukimuuliza anatafuta nini, atakujibu kwamba hatafuti kitu, anataka tu kujua waliotengeneza walikuwa wanafikiria nini.

Kazi yake ni kutengeneza viatu vya watu ambao miguu yao hailingani. Yuko aliyezaliwa na mguu mmoja mfupi, yuko aliyevunjika akaungwa vibaya, yuko ambaye maradhi yamemla vidole. Dukani viatu huuzwa kwa jozi, na mwenye duka anaamini kwamba kulia na kushoto ni mapacha. Kwa Mama Soli hakuna mapacha. Kila mguu una karatasi yake, vipimo vyake na malalamiko yake. Chumba chake cha kazi kiko chini, katika jengo la ghorofa mbili, mwisho wa korido ndefu ya saruji, na harufu ya ngozi na gundi hukupokea kabla hujamwona mwenyewe. Ukutani zinaning'inia kalibu, yaani ile miguu ya mti ambayo fundi huivisha ngozi ili kiatu kipate umbo. Mezani, kati ya nyundo na mkebe wa misumari, ipo kompyuta.

Kompyuta hiyo ililetwa miaka sita iliyopita na mdogo wake, ambaye nyumbani wanamwita Injinia tangu alipokuwa darasa la tatu na akaifungua redio ya baba yao na kuirudisha ikiwa nzima, ila skrubu mbili zilibaki. Injinia ndiye aliyemwekea programu inayoitwa Kalibu. Ni programu ya bure, iliyoandikwa na mafundi viatu wa nchi mbalimbali pamoja na jamaa wachache wanaojua kompyuta. Unaipa vipimo vya mguu, nayo inakuchorea soli ya mguu ule kwa ukubwa wake kamili, unaichapa kwenye karatasi, unaiweka juu ya ngozi, unachora, unakata. Kabla ya hapo Mama Soli alikuwa anachora kila soli kwa mkono, anafuta, anachora tena, na michoro ya zamani ililiwa na panya. Sasa panya hawana la kula. Wateja wote wamo ndani, miguu mia tatu na kumi na mmoja. Haikutimia jozi kwa sababu mmoja wao ni mzee aliyekatwa mguu wa kushoto, ambaye huagiza cha kulia tu na kila mwaka huuliza kwa uso mkavu kama mwenzake amepatikana.

Programu aliipenda. Alichokuwa hakipendi ni namna ya kuwekewa. Injinia alikuwa anakuja, anakaa kwenye kiti, mgongo kwa dada yake, vidole vinakimbia. Madirisha yanafunguka na kufungwa. Mama Soli anainama aanze kusoma neno la kwanza, dirisha limeshapotea. Kila palipotoka toleo jipya ikawa ni hivyohivyo. Akiuliza lile lilikuwa linasema nini, jibu ni moja kwa miaka yote sita: "Dada, we bonyeza tu ndiyo." Sasa fikiria mwenyewe. Mtu anayesoma kopo la gundi mpaka chini, unamwambia abonyeze ndiyo. Ndiyo kwa lipi?

Mambo yaliharibika miezi mitano iliyopita. Injinia alikuwa amepata kazi mji wa mbali, amekuja kuaga, na chumbani walikuwemo wateja wawili. Mmoja akasifu kompyuta. Injinia akacheka, akasema dada yake ni mchawi wa ngozi, lakini kompyuta akiigusa tu inakata roho. Wateja wakacheka, Mama Soli naye akacheka, maana ungefanya nini mbele za watu. Walipoondoka akamgeukia mdogo wake, akamwambia kwamba kwa miaka sita hajamsaidia chochote, amekuwa anamficha tu, na kuanzia siku hiyo mashine yake aiache. Injinia akasema sawa. Aliondoka kesho yake, na tangu hapo salamu zilikuwa zinapitia kwa mama yao. Mwambie dada namsalimia. Mwambie zimefika. Mama wa watu akawa posta.

Basi, Jumatatu moja asubuhi, kompyuta ikakata roho kwelikweli. Ilikoroma kidogo, skrini ikawa nyeusi, na kwa nyuma kukatoka harufu ya waya ulioungua. Mama Soli hakuwa ameigusa; alikuwa anakunywa chai. Hilo lilimfariji kidogo, lakini kidogo tu, kwa sababu ndani ya mashine ile vilikuwamo vipimo vya Sista.

Sista ni muuguzi. Miaka miwili iliyopita pikipiki ilimgonga akitoka kazini, na mguu wake wa kushoto ulipopona ukabaki mfupi kwa sentimita tatu. Tangu siku hiyo alikuwa anatembelea fimbo, na hospitali ikamweka dirishani, kugawa kadi za wagonjwa. Yeye mwenyewe alimwambia Mama Soli, siku ya kupimwa, kwamba hana ugomvi na kadi, ila hakusomea kadi. Sasa wakubwa wake walikuwa wamekubali kumrudisha wodini, kwa sharti moja, aweze kusimama zamu nzima bila fimbo. Jumatatu inayofuata angeanza kwa majaribio. Alikuwa anakaa mbali, safari ya saa tano, na wakakubaliana kwamba atavifuata viatu Jumamosi asubuhi. Hapakuwa na siku nyingine. Viatu visipokuwa tayari, au vikiwa tayari na vikamuumiza, atarudi dirishani.

Jirani wa chumba cha pili, mwenye stationari, alikuja akaitazama kompyuta, akabonyeza hapa na pale, akatoa hukumu kwamba hii imekwenda. Jumanne Mama Soli akarudi na nyingine mpya, ikiwa bado kwenye boksi lake, na jirani akajitolea. Nipe nusu saa, alimwambia, nikuwekee kila kitu, ukirudi kutoka sokoni unakuta tayari. Lilikuwa ni jambo la maana kabisa, na mtu yeyote mwenye haraka angekubali. Mama Soli alimshukuru akakataa. Moyoni alikuwa anaogopa, na hilo hakulificha nafsi yake. Lakini pamoja na woga kulikuwa na kitu kingine, na kitu hicho kilikuwa kikubwa zaidi. Miaka sita alikuwa anatamani kuona yale madirisha yanasema nini.

Akaufunga mlango nusu, akachukua daftari la mistari, akachonga penseli. Kutoka kwenye mkebe wa misumari akatoa kifuko kidogo cha nailoni. Ndani yake mlikuwa na flashi, na juu ya kifuko mwandiko wa Injinia kwa kalamu ya wino: Dada. Usitupe. Alikuwa ameiacha siku ile ya kuaga, kabla ya ugomvi, na kusema kwamba kila Ijumaa kompyuta itajinakili yenyewe humo, yeye asihangaike, mradi asiichomoe kabla ya saa ya kufunga. Kila Ijumaa alikuwa anaichomeka kama anavyolisha paka wa jirani, bila mapenzi, kwa sababu tu ameahidi.

Dirisha la kwanza lilimkaribisha. Akaandika kwenye daftari: moja, imenikaribisha. La pili lilikuwa ni masharti ya matumizi. Nadhani katika historia ya dunia hakuna aliyewahi kuyasoma masharti yale isipokuwa aliyeyaandika, naye huenda alikuwa anasinzia. Mama Soli aliyasoma kwa saa nzima na robo. Kiswahili chake kilikuwa kigumu, cha mtu aliyetafsiri kwa kujitolea na hakuwa na wa kumsahihisha, lakini kilieleweka. Alijua kwamba waliotengeneza programu hawatashitakiwa kiatu kikibana. Alijua kwamba mtu yeyote ana ruhusa ya kuifungua programu na kutazama ilivyoshonwa kwa ndani, na akiona mshono mbovu aurekebishe na kuwapa wenzake. Hilo lilimgusa. Akalipigia mstari mara mbili, kisha akabonyeza Nakubali kwa raha, maana sasa alijua anakubali nini.

Dirisha la nne ndilo nitakalokuomba ulikumbuke. Liliuliza: anataka kuwekewa kwa njia ya kawaida, inayopendekezwa, au kwa kuchagua mwenyewe? Mama Soli akaweka penseli chini. Inapendekezwa na nani, alijiuliza, na aliyependekeza ananijua mimi? Alikaa nalo muda mrefu. Mwishowe akaona kwamba wenye programu ni mafundi viatu kama yeye, hawawezi kumpendekezea fundi mwenzao kitu kibaya. Akachagua ya kawaida. Mwanamke asiyeamini kopo la gundi aliamini hapo, na sitamlaumu, kwa sababu lile dirisha lilikuwa na sura ya upole.

Yaliyobaki yalikwenda vizuri. Ilimuuliza lugha, akajibu. Ilimuuliza printa ipi, akaona jina la printa yake limeshaandikwa pale, akashangaa imejuaje, akaandika swali hilo pembeni ili aje kulifuatilia. Akachomeka flashi. Mstari wa kijani ukatambaa taratibu kutoka kushoto kwenda kulia, na yeye akautazama mpaka mwisho bila kusogea. Kisha yakatokea maneno: Miguu 311 imepokelewa. Akaenda moja kwa moja kwa yule mzee wa mguu mmoja kuhakikisha. Alikuwemo, na mguu wake mmoja. Mama Soli alifurahi mpaka akasimama akazunguka meza. Akachukua simu ampigie Injinia amwambie, nani sasa anayekata roho, kidole kikafika kwenye jina. Akairudisha simu mfukoni.

Jumatano alijaribu kwa viatu vya mwalimu mmoja, mteja wake wa nadra, ambaye miguu yake ni mipana mno kwa viatu vya dukani lakini inafanana. Alichapa, akachora, akakata, akavalisha kalibu, vikakaa vizuri. Alhamisi akaingia kwenye viatu vya Sista. Kiatu cha kulia ni cha kawaida, akakiacha kwa mwisho. Cha kushoto ndicho chenye kazi: chini ya soli ya ndani huingia matabaka ya kizibo, lile gamba jepesi la mti linalozibia chupa, moja juu ya jingine, mpaka zitimie zile sentimita tatu, na kila tabaka lazima lifuate umbo la mguu sawasawa, la sivyo mtu anatembea kama yuko juu ya jiwe. Alikata matabaka yote siku hiyo, akayabandika, akayachonga mteremko kutoka kisigino kwenda vidoleni, akayafunga kwa mipira, akayaacha yakauke.

Ijumaa saa tatu asubuhi alitoa mipira, akachukua kalibu ya mguu wa kushoto wa Sista, akaiweka juu. Haikukaa. Akaigeuza kidogo, haikukaa. Kisha akaona. Pale penye tumbo la kidole gumba, kizibo kilikuwa kimeingia ndani. Na pale pa kidole kidogo, kilikuwa kimetoka nje. Alikuwa ameshika soli nene, safi, iliyokatwa kwa mkono usiotetemeka, ya mguu mfupi wa kushoto, lakini kwa umbo la mguu wa kulia. Kuipindua juu chini hakungesaidia, mteremko ulikuwa umeshachongwa upande mmoja. Ingemfaa mtu mwenye mguu mfupi upande mwingine, na mtu huyo hayupo.

Mama Soli alikaa chini. Kitu cha kwanza kilichomjia kichwani ni sauti ya mdogo wake na vicheko vya wale wateja wawili. Akiigusa tu. Aliona aibu, ingawa chumbani hapakuwa na mtu, na nyuma ya aibu akamwona Sista yuko dirishani na rundo la kadi. Mwenye stationari alichungulia, akaelezwa, akasema ndiyo hayo, mafaili yamevurugika, tafuta mtaalamu. Alisema kwa huruma, lakini Mama Soli alitamani aondoke.

Alipobaki peke yake, kile kitu chake cha kawaida kikaanza kumwasha. Imevurugika vipi? Kitu kikivurugika, huwa kinavurugika ovyo. Hii soli haikuwa ya ovyo. Ilikuwa sahihi kabisa, ila imegeuka. Kinachogeuza kitu vizuri namna hii si ugonjwa, alijiambia, ni akili ya mtu.

Akachukua karatasi aliyoichapa jana, iliyoandikwa Sista, kushoto, akaiweka sakafuni, akavua kiatu, akaikanyaga kwa mguu wake wa kushoto. Mguu wake ni mkubwa kidogo kuliko wa Sista, lakini umbo lilikaa. Karatasi haina kosa. Akashangaa. Akafungua droo, akatoa karatasi ya zamani, ya mwaka jana, ya mwalimu yuleyule, iliyochapwa na kompyuta iliyokufa. Kushoto, ilisema. Akaiweka sakafuni, akaikanyaga kwa mguu wa kushoto. Haikukaa. Akajaribu mguu wa kulia. Ukaenea.

Akatoa nyingine, na nyingine. Alizitandaza chumba kizima, akawa anaruka kutoka karatasi hadi karatasi kwa mguu mmoja, mwanamke wa miaka hamsini na nane, mlango uko wazi. Zote za zamani zilikuwa zimegeuka. Kwa miaka sita alikuwa anachapa karatasi zilizogeuka na kutengeneza viatu vilivyo sawa. Sasa amechapa karatasi iliyo sawa na kiatu kimegeuka. Alisimama katikati ya karatasi, kiatu kimoja mkononi, akaanza kucheka, kwa sababu sasa alijua kosa liko wapi. Lilikuwa mkononi mwake, na halikuwa kosa.

Mama Soli, tofauti na mafundi wengi, huchora mstari upande wa soli utakaokanyaga ardhi. Upande wa pili, wa kupaka gundi, haugusi kwa penseli wala kwa kidole. Mwanamke aliyemfundisha kazi alimwambia gundi haishiki penye alama ya penseli, naye akashika hivyo, na kwa miaka thelathini soli zake hazijabanduka. Kwa hiyo anapochora, soli huwa imelala kifudifudi, anaiona kwa chini. Na soli ya kushoto ukiitazama kwa chini ina sura ya kulia. Karatasi za zamani zilikuwa zimechorwa kwa macho yake, kutoka chini. Hii ya sasa imechorwa kama watu wengine wanavyotazama miguu, kutoka juu. Kwa viatu vya mwalimu hakugundua, kwa kuwa miguu inayofanana ikibadilishana karatasi hakuna anayepoteza: ya kushoto ilitoa kulia, ya kulia ikatoa kushoto, jozi ikatimia. Sista hana miguu inayofanana.

Sasa alijua anachotafuta. Alirudi kwenye kompyuta, akafungua sehemu ya mipangilio, akaisoma ukurasa baada ya ukurasa, kama masharti. Kwenye ukurasa wa uchapishaji, chini kabisa, akaukuta mstari mdogo: Mchoro wa soli uonekane kutoka juu, au kutoka chini. Kidoti kilikuwa kwenye juu. Akakihamishia chini, akachapa, akaweka sakafuni, akakanyaga. Ulienea wa kulia, kama alivyotaka. Akaandika kwenye daftari hatua ya kumi na nne, akavuta kizibo kipya, akaanza kukata upya. Hakuwa na wasiwasi tena na muda. Mikono yake alikuwa anaijua.

Ila alipofika tabaka la pili, kisu kikasimama. Programu inakuja na kidoti kwenye juu. Ya zamani ilikuwa na kidoti kwenye chini. Basi kuna mtu alikihamisha. Na mipangilio ya ile mashine, kwa miaka sita yote, iliguswa na mtu mmoja tu.

Aliweka kisu mezani, akapiga simu. Iliita mara nne.

"Dada," Injinia alipokea, kwa sauti ya mtu aliyejiandaa kwa habari mbaya. "Mama mzima?"

"Mama mzima. Nina swali moja tu. Kwenye Kalibu, ile ya zamani, nani aliweka soli zionekane kutoka chini?"

Injinia akauliza amejuaje habari ya kitu hicho. Mama Soli akasema ajibu kwanza.

"Mimi," alisema Injinia. "Siku ile ya kwanza nilipokuja kukuwekea, ulikuwa na kazi, ukaniambia nisubiri. Nikakaa pale nyuma yako karibu saa nzima nakutazama. Nikaona wewe ngozi unailaza kifudifudi ndiyo unachora. Programu ilikuwa inachora kwa juu. Nikafikiri, nimwambie dada abadilishe mkono wake? Huo mkono ndio unaotulisha tangu baba amekufa. Nikaona igeuke mashine, dada, usigeuke wewe."

Mama Soli alikuwa anazitazama karatasi sakafuni, miaka sita ya karatasi. Muda wote huo alimhesabu kama mtu aliyempa mgongo. Na kumbe kabla ya kumpa mgongo alikuwa amekaa nyuma ya mgongo wake saa nzima, anasoma mikono yake kama yeye anavyosoma makopo. Macho yalimjaa machozi, na alikasirika pia, vyote kwa pamoja.

"Kwa nini hukuniambia?" aliuliza mwishowe.

"Nilidhani ni kitu kidogo. Halafu nikasahau." Injinia akaongeza: "Na ile siku ya wateja, dada, ile ya kukata roho. Nilikosea."

"Ulikosea," Mama Soli alikubali. "Na mimi nilisema hujanisaidia chochote. Nilikosea zaidi."

Injinia akataka kujua nani basi amemwekea hii mpya. Mama Soli akasema ameweka mwenyewe. Wewe na nani, akauliza. Mimi na daftari, akajibiwa. Kisha Injinia akaeleza, kwa kusitasita, kwamba huko aliko kuna kituo kinatengeneza miguu ya bandia, wamemwomba awawekee Kalibu, na hili toleo jipya linamsumbua. Amelibonyeza ndiyo mpaka mwisho na michoro inatoka isivyotakiwa. Kama dada hana haraka, angeweza kumsomea hilo daftari?

Haraka alikuwa nayo, matabaka matatu yalikuwa hayajakatwa. Lakini alivaa miwani, akafungua ukurasa wa kwanza, akasoma. Moja, imenikaribisha. Alipofika hatua ya nne alisema hapa nilichagua ya kawaida, na hapa ndipo pa kuangalia, wewe chagua mwenyewe, uone inakuuliza nini. Injinia akamwomba apunguze mwendo kidogo, anaandika.

Jumamosi saa nne asubuhi Sista alifika. Mama Soli aliijua hatua yake tangu mwanzo wa korido: fimbo, mguu mzito, mguu mwepesi, fimbo. Aliingia, akasalimia, akakaa, akavitazama viatu vilivyokuwa mezani bila kuvigusa. Alisema hakulala vizuri. Mama Soli naye hakuwa amelala vizuri, lakini hilo alibaki nalo. Alipiga magoti akamvisha mwenyewe, kwanza wa kulia, halafu wa kushoto, akakaza kamba, akapitisha kidole gumba kuzunguka kisigino.

Simu ikaita. Alikuwa Injinia, aliyesimuliwa habari ya Sista jana, anauliza kama amefika. Mama Soli akamwambia asikate, akafungua sauti kubwa, akaiweka simu sakafuni mlangoni, penye saruji ya korido.

"Haya, mwanangu," alimwambia Sista. "Nenda mpaka kule mwisho, urudi. Fimbo iache hapo kwenye kiti."

Sista alisimama. Alikaa hivyo kwa muda, mikono imetoka kidogo pembeni. Kisha akaanza. Hatua mbili za kwanza zilikuwa za kupapasa, ya tatu ikawa na uhakika, na baada ya hapo korido nzima ikajaa mlio wa visigino kwenye saruji, mmoja baada ya mwingine. Mama Soli hakuwa anatazama. Alikuwa ameinamisha kichwa, anasikiliza.

"Dada," Injinia alisema kwa sauti ndogo. "Mguu wenyewe mfupi ni upi?"

"Husikii?"

"Nasikiliza. Sisikii."

Mama Soli akaisogeza simu mbele kidogo. Kule mwisho wa korido Sista alikuwa amegeuka, na alikuwa anarudi.